Kazi ya Kucheza

Mjerumani Klaus Teuber alikuwa fundi wa meno bandia. Mchana magego ya watu. Usiku chumba cha chini ya nyumba, makasi na makaratasi, kisha mke na watoto waitwe wajaribu mchezo, wapende wasipende. Tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwao aliinyakua mara 4, ya mwisho 1995 kwa Catan, mchezo wa mezani wa kubadilishana mali, na bado meno yalimngoja kazini. Eti huo ni mchezo! Mtu mzima kukesha akipima kondoo mmoja abadilishwe kwa matofali mangapi. Siku hizi mawakili na madaktari hugombania kondoo hao wa karatasi hadi usiku wa manane, wakinuniana kweli. Wao, bila shaka, wanapumzika.