Gunia Lenye Wapangaji

Mtu akikuambia Kibera hakuna pa kulima, mwulize alitazama wapi. Huenda alitazama chini. Chini kweli hakuna kitu: kuna mtaro, kuna kichochoro cha kupitisha bega moja, na kuna jirani aliyekwisha kuweka jiko pale ulipodhani ni pako. Kilimo chetu kiliona hivyo kikapanda juu. Kiliingia kwenye gunia, kikachungulia ubavuni.

Magunia haya yalishika kasi mwaka 2008. Vurugu za baada ya uchaguzi zilikuwa zimeteketeza soko la Toi, mboga zikawa adimu, na shirika la Kifaransa la Solidarités likaja na mpango wa bustani za magunia. Siasa za mwaka ule nawaachia wanaozipenda. Mimi nilipenda mkebe.

Ufundi wote uko kwenye mkebe. Unachukua ule mkubwa wa Kimbo, unaukata kitako ubaki wazi juu na chini, unausimamisha katikati ya gunia na kuujaza kokoto. Pembeni unamwaga udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Udongo ukifika ukingoni, unauvuta mkebe juu taratibu, kokoto zinabaki palepale, unaujaza tena. Ukimaliza una nguzo ya mawe kuanzia chini hadi juu, na maji unayamwaga hapo. Bila nguzo hiyo miche ya juu inalewa maji na ya chini inakufa kiu, na ikumbukwe kwamba mtungi wa lita 20 uliouzwa shilingi 5 siku njema uliweza kufika 20 mabomba yalipokauka. Kisha wembe: mikato midogo ubavuni, kila mkato mche mmoja, mizizi ndani, shingo nje. Gunia moja hubeba miche 30 hadi 40, na juu bado una nafasi ya dhania na vitunguu.

Langu lilisimama nje ya mlango kule Makina, ndani ya Kibera, na lilikuwa ghorofa kamili yenye wapangaji wasiolipa kodi. Chini kabisa alikaa mbuzi. Mbuzi wa Kibera hafungwi. Asubuhi hutoka kujitafutia na jioni hurudi kwao bila kuuliza njia. Huyu alifika alfajiri, akala sukuma wiki ya mikato ya chini jani baada ya jani, kwa adabu, akaacha vishina ili vichipue tena. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya kuku, ambao walimaliza wadudu, nikawashukuru, kisha wakamaliza spinachi. Ya pili ilikuwa ya watoto wa ploti. Hao waligundua kwamba mche ukivutwa polepole hutoka na mizizi yake yote, na ukirudishwa hakuna anayejua hadi kesho kutwa. Ya tatu ilikuwa ya majirani, na majirani hawaibi, wanabisha hodi.

“Mwalimu, nimechuma majani mawili tu, ya mtoto.”

Mawili hayo yalitosha ugali wa watu watano. Mimi nilibakiwa na dhania ya kwenye paa.

Ndipo nikaingiwa na fikra ya maua. Hesabu yangu ilikuwa fupi: ua haliliwi, basi litabaki. Nilitoa sukuma, nikachomeka petunia kuzunguka gunia zima, nyekundu, nyeupe na zambarau. Mama wa mlango wa pili alitoka na beseni lake la nguo akasimama.

“Mwalimu, hii inakulwa?”

“Hailiwi, mama. Ni maua.”

“Ya mgonjwa?”

“Ya kutazama tu.”

Akaweka beseni chini. Akatazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama na huko.

“Nimeshatazama,” akasema. “Sasa?”

Mbuzi hakuuliza swali lolote. Alizila petunia za chini zote, na kwa jinsi alivyorudi siku iliyofuata akiwa na mwenzake, alikuwa amezipenda kuliko sukuma.

Baadaye nilihamia Kawangware, upande wa Gatina, chumba cha juu katika nyumba ya mawe, chenye kiveranda cha vyuma. Nilihama kwa sababu ya kazi. Sitasema mbuzi hakutajwa katika kikao cha familia.

Kwenye veranda gunia halikai, kwa hiyo nikaingia katika maua ya kuning'iniza. Chombo cha kwetu cha kazi hiyo ni mtungi wa mafuta ya kupikia: unaukata mdomo, unatoboa ubavu kwa chuma cha moto, unapitisha waya. Mtungi wa lita 20 ukijaa udongo uliolowa unaweza kupita kilo 25, na kilo 25 zinazoning'inia zina tabia tofauti na zile zilizokaa. Keateka, yaani mtunza jengo, alipanda ngazi kuja kuiona ndoano.

“Mwalimu, hii ikianguka itaua nani?”

“Haitaanguka.”

“Sijauliza hivyo. Hapo chini kuna mama wa mandazi.”

Ndoano ilikubaliana naye usiku uleule. Bahati ilikuwa ya mama wa mandazi, kwa maana mtungi uliangukia ndani, juu ya sufuria ya githeri iliyokuwa imechemka tangu jioni. Nilichukua mtungi wa lita 10. Udongo nikaupunguza kwa vumbi la makaa na kumvi za mpunga, ambavyo ni vyepesi na vinashika unyevu, nikabakisha samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi, tena veranda za Kawangware zimekaribiana. Harufu yako inafika kwa watu kabla hujaamka.

Likabaki suala la jua. Nilikuwa na kitabu cha mtumba cha bustani, kilichochapishwa Uingereza, nilichokiokota kwa bei ya chai kwenye turubai la muuzaji wa barabarani. Kilisema kwa uhakika mkubwa: ning'iniza kwenye ukuta unaotazama kusini. Huko kwao jua halihami upande huo. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta, na jua letu lina nyumba mbili. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, saa sita mchana hupita upande wa kaskazini; miezi iliyobaki huhamia kusini. Veranda yangu inatazama kaskazini. Maana yake Desemba, jua likiwa kali, liko nyuma ya jengo linawaunguza wapangaji wa upande ule. Na Julai, inapofika zamu yangu, Nairobi inavaa mawingu na watu wanavaa makoti. Petunia zilirefuka vishingo zikitafuta mwanga, zikatoa ua mojamoja la kuniridhisha, kisha zikakata tamaa.

Nilichohitaji ni ua la kivulini, na nililipata katika vitalu vya kando ya Ngong Road. Muuzaji alilishika kwa vidole viwili.

“Hii ni ya majuu, boss. Ya Holland.”

Bei nayo ilikuwa ya Holland. Nililitambua kwa picha ya kile kitabu: ni impatiens, lile linalojaza vikapu vya kuning'inia huko Ulaya kuanzia mlango wa baa hadi kituo cha treni. Asili yake ni Afrika Mashariki. Mbegu zilipelekwa Uingereza na John Kirk, balozi wao kule Zanzibar, na mwaka 1882 Joseph Hooker wa bustani ya Kew akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye wataalamu wakalinyang'anya usultani, wakaliunganisha na Impatiens walleriana. Nilimweleza muuzaji haya yote nikitegemea atapunguza. Akasikiliza hadi mwisho, akasema kama lilishawahi kuwa la sultani, basi alikuwa ameliuza rahisi.

Lakini limenifaa. Linapenda kivuli na unyevu, na huchanua ubavuni bila kubembelezwa. Siri ni kuujaza mtungi hatua kwa hatua: udongo hadi tundu la chini, mche unaingizwa kutoka nje, udongo tena, tundu linalofuata. Kuupanda ubavu baada ya mtungi kujaa ni kuvunja mizizi tu. Kila baada ya siku chache unauzungusha, la sivyo upande wa ukutani unapata upara.

Maji nayo yana njia yao. Unayoyamwaga juu lazima yatokee chini, na chini ya veranda yangu kuna kamba ya nguo. Jumapili moja jioni yalitiririka, rangi ya chai isiyo na maziwa, yakatua kwenye shati jeupe la shule. Mama mwenye shati alipanda nalo mkononi bado linachuruzika. Hakupiga kelele, angepiga ingekuwa nafuu. Nilifua lile shati mbele ya watoto wangu. Tangu siku hiyo chini ya mtungi pana sahani ya plastiki, na mama huyo ana kauli katika bustani. Kauli yake ya kwanza ilikuwa kwamba matundu ya chini yapandwe majani ya viazi vitamu, kwa kuwa yanatambaa hadi kwake na anaweza kuyachuma akiwa jikoni. Sikubishana naye. Marekani wana viazi vitamu vya mapambo, vyenye majani meusi au ya kijani cha limau, na huviacha vining'inie msimu mzima bila mtu kuinjika sufuria. Mama alipoelezwa aliwahurumia sana.

Keateka bado hakutulia. Nikamwonyesha kwenye simu kwamba Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza kilimo cha mjini mwaka 2015. Akauliza kama mwenye nyumba ameisoma.

Mwenye nyumba hakuwa ameisoma, ila alikuwa amepita barabarani. Ilifika karatasi chini ya mlango: kuanzia mwezi ujao kodi itapanda kwa shilingi 500, kwa sababu jengo limependeza. Picha ya veranda yangu ilikuwa imebandikwa langoni, chini yake maneno NYUMBA YA KUPANGISHA. Nilimwambia keateka kwamba nitauondoa mtungi leo hii, na kodi irudi ilipokuwa.

“Hapana, Mwalimu,” akasema. “Watu wameshaona picha. Maua sasa ni ya ploti. Wewe ni mpangaji.”

Nilimwuliza na maji ya kumwagilia ni ya nani. Akasema hayo atauliza.