Neno "Lipa" na Masaibu ya Mhasibu

Ofisini kwetu kusoma barua pepe kulianza kuonekana kazi ya kizamani. Mkurugenzi alitoka kwenye semina na msamiati mpya, "otomesheni", na kabla wiki haijaisha kijana wetu wa IT alikwishaliwekea sanduku la barua la ofisi sheria. Barua yoyote yenye "lipa" iende folda ya Madeni, simu ya mhasibu ilie, na aliyeandika ajibiwe papo hapo kwamba ombi lake la malipo limepokelewa, aambatanishe risiti. Mhasibu ni mimi.

Simu ililia asubuhi nzima. Nikajua tumefilisika na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuniambia. Kufungua folda, nakuta "Nilipata ujumbe wako." Ya pili: "Wanafunzi walipanda miche." Ya tatu: "Mwenyekiti alipanga kikao." Programu haijui neno ni nini, inajua herufi zinazofuatana, na l, i, p, a zimejipanga vizuri kabisa ndani ya "nilipata". Kwa Kiswahili wakati uliopita ni -li-, basi kitenzi chochote kinachoanza na pa kikija nyuma yake, deni limezaliwa. Kupata, kupanda, kupanga, kupaka, kupasua. Na nani anaandika barua ya ofisi bila kusema alipata kitu?

Folda kujaa ningevumilia. Majibu ndiyo yaliyotuvua nguo. Shirika tunaloshirikiana nalo liliandika kwamba familia ya mwenzao "walipatwa na msiba". Kabla binadamu yeyote hajaisoma barua hiyo, ofisi yetu ilikwishajibu: "Ombi lako limepokelewa. Tafadhali ambatanisha risiti halisi yenye muhuri." Mkurugenzi alifunga mlango akapiga simu mwenyewe. Alitoka akiomba maji.

Huku nyuma wadai wa kweli walikuwa wanateseka kimyakimya. Mtu mstaarabu haandiki "lipa". Anaandika "naomba kukumbushia malipo yangu", au "tungeshukuru tukilipwa". Malipo yana o pale inapotakiwa a, tukilipwa ina w, kwa hiyo fundi jenereta alikumbushia na kukumbushia bila kengele hata moja kulia, wakati waliopanda miche wanadaiwa risiti. Kijana akaongeza "lipo" ili ayapate malipo. Tukapata "nilipofika", "alipokuja" na "tulipozungumza".

Nilipomlalamikia alinifariji kwamba wakubwa wametangulia kuumia. Mwaka 1996 kampuni ya Marekani, AOL, iliwazuia wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, kujisajili, kwa sababu herufi ya pili hadi ya tano ya jina la mji wao ni tusi la Kiingereza ambalo sitaliandika hapa, mama yangu husoma. Wapo pia waliozuia barua zenye Cialis, dawa ya nguvu za kiume inayotangazwa sana kwenye barua taka, kumbe jina hilo limo ndani ya "specialist", na barua ya daktari bingwa inaishia jalalani.

Dawa, akasema, ni kulinganisha neno zima. Unaweka mkwaju wa kinyume na herufi b kila upande wa neno, na programu inahakikisha kwamba hakuna herufi, tarakimu wala kistari cha chini kilichogusana nalo. "Lipa" iwe peke yake, au isiwe. Nilimpigia makofi.

Ukimya uliofuata ulikuwa mtamu, kisha ukatisha. Kwa Kiingereza neno hutembea lenyewe barabarani. Kitenzi chetu hakitoki nyumbani bila nimeku- au hatuja- mwilini. "Mmelipa?" haikuonekana. "Hamjalipa" haikuonekana. Zilizopita ni barua za aina mbili tu. Kwanza matangazo ya maduka, kwa kuwa kila moja lina "Lipa Namba" chini yake. Pili mwenye nyumba tuliyopanga, ambaye salamu kwake ni anasa: "Lipa kodi." Basi huyo akawa wa kwanza kulipwa kila mwezi, na fundi aliyetuombea heri na baraka akaendelea kuombea.

Kijana akaniomba nimwandikie maumbo yote ya "lipa". Nikaanza: nimelipa, umelipa, amelipa. Viambishi sita vya watu mara nyakati nne ni 24, na hapo sijakanusha, sijatia mtendwa, sijafika kulipiza na kulipishwa. Nilipofika "wasipotulipa" aliinua mkono. Akasema tutafute nomino isiyovaa kitu. Tukakubaliana "ankara": haina kiambishi, umoja wake na wingi wake ni uleule, na kila mfanyabiashara anaijua. Wadai wote wakatangaziwa waiandike.

Ilifanya kazi. Fundi alilipwa. Kisha ikaingia barua ya mama mmoja muuza vitambaa, neno zima, limesimama wima, halijagusana na herufi yoyote: ankara mpya za nta zimefika, yadi sita sita. Ofisi ikamjibu hapohapo kwamba ankara yake imepokelewa, na mhasibu anaishughulikia.

Aliandika tena baada ya dakika chache. "Asante sana kaka mhasibu. Ya shemeji nimtolee rangi gani?"