Bibi Vijiko Vitano

Ndugu yangu unayeishi na mke, mama mkwe na watoto chini ya bati moja, wewe utanielewa. Hapa Kigonsera chai isiyo na sukari ni matusi, na mama mkwe wangu, anayeitwa na wajukuu Bibi Vijiko Vitano, hajawahi kumtukana mtu.

Mama Watoto alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito: mfuko wa chakula ukabaki kidogo, utumbo ukaunganishwa upya. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa neema. Alipanda kilimani kwenye kahawa bila kuhema, na magauni yake yakagawiwa kwa mashangazi kwa ugomvi ambao haujaisha mpaka leo. Halafu vituko vikaanza. Anakunywa chai kwa maandazi, baada ya saa moja au mbili anatetemeka, jasho chapachapa, maneno yanampotea. Kuna siku alimwita mbuzi kwa jina la shangazi, na shangazi mwenyewe kaketi pale barazani.

Bibi akasema ni njaa, akakoroga kikombe kingine. Mgonjwa akachangamka, tukashangilia, kisha akalegea tena.

Kifungua mimba wetu, tunayemwita Daktari tangu aanze kusoma baiolojia, akamchoma kidole kwa kipimo cha babu mwenye kisukari: 2.6! Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.0 mmol/L, ubongo unakosa chakula.

Hospitali wakatufafanulia. Chakula kinaporomoka upesi kwenye utumbo mwembamba, sukari inapaa, utumbo unamwaga homoni ya GLP-1, nayo inaihimiza kongosho itoe insulini kupita kiasi. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 6 wa namna hii. Kumbe kile kikombe cha pili kilikuwa kinamwinua ili kimwangushe.

Bibi alilia. Mapenzi yake yote kwa bintiye yalikuwa kwenye kile kijiko, nami sikuwa na neno la kumfariji.

Siku hizi Mama Watoto anakula kidogo kidogo, mara nyingi: dagaa wa Mbamba Bay, maharage na mayai kwanza, ugali mwisho tena tonge chache. Akishikwa anapewa sukari kidogo ya kumwinua, kisha karanga za kumshikilia. Bibi naye kahamia upande wa pili kwa nguvu zote: kopo la sukari kalifungia kabatini, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga, nyumba nzima tunakunywa chai kavu. Nilimsihi sana aache japo ya dharura, asije akawa kanisani mtu akazidiwa. Akakubali kufunga vijiko vichache kwenye karatasi, akamkabidhi Daktari. Mimi hakuniamini.