Waheshimiwa Mnaogawana Mrabaha, na Mwalimu wa Mutoshi Je?

Kwa Waheshimiwa wa Serikali Kuu Kinshasa. Kwa Waheshimiwa wa Jimbo la Lualaba. Kwa mabwana na mabibi wa manispaa za Dilala na Manika, pamoja na machifu wote wanaopokea fungu la madini. Nakala kwa makampuni yanayochimba shaba na kobalti yetu, na kwa wale wanaoinunua mbali.



Nawaandikia kutoka Mutoshi, eneo la migodi hapa Lualaba, kama mzazi, mjumbe wa kamati ya wazazi wa shule ya msingi. Sikuja kulalamika kwamba nchi haina sheria. Sheria tunazo, na nyingine ni nzuri sana. Sheria ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 imegawa mrabaha waziwazi: asilimia 50 kwa Serikali Kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa manispaa au chifu ambaye mgodi uko kwake, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inatozwa asilimia 10. Juu ya hayo, kila kampuni inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wananchi wanaoizunguka. Kila mmoja wenu, basi, analijua fungu lake na siku ya kulidai. Mwalimu wa watoto wetu hana fungu ndani ya hesabu hiyo, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Katiba ya 2006, ibara ya 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Tulisubiri mpaka Septemba 2019 ndipo Rais Tshisekedi akaitekeleza. Kabla ya hapo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilipoacha mishahara ya walimu ife, sisi wazazi ndio tuliowalisha kwa pesa ya motisha. Muuza mboga alilipa, mchimbaji alilipa, mjane alilipa au mwanawe akafukuzwa. Elimu ya bure ilipofika tulishangilia, na leo bado tunashukuru kwa moyo mweupe. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani waliingia darasani kwa wingi hata wengine wakaketi chini.

Lakini mlipotukataza kumlipa mwalimu, mlichukua deni letu. Je, mmelilipa? Kwa mwalimu mwenye namba kwenye orodha ya mishahara, mmelipa kwa kiasi. Kwa wale wanaoitwa N.U., waliopokelewa shuleni na kukabidhiwa chaki na watoto lakini hawajaingizwa kwenye orodha ya Kinshasa, hamjalipa kitu. Mwalimu wa namna hiyo elimu ya bure imemwondolea kidogo alichokuwa nacho kutoka kwetu, halafu akaambiwa asubiri. Anasubiri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anasahihisha madaftari usiku, asubuhi anasimama mbele ya watoto hajala. Wengine wakitoka darasani mchana wanakwenda kuosha mawe ya madini pamoja na wazazi wa wanafunzi wao.

Hata mwenye namba hana raha. Analipwa kwa faranga katika mji ambao migodi imefanya nyumba ya kupanga na gunia la unga vihesabiwe kwa dola. Septemba 2024, mwaka wa masomo ulipofunguliwa, walimu katika majimbo mengi waligoma wakidai mshahara usiopungua dola 500. Wapo waliowaita wakorofi. Mimi nimewaona wakihesabu nauli, na siwezi kulitamka neno hilo.

Sasa niwageukie wageni wetu wanaonunua kobalti. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na tunajua kwa nini mnaogopa picha za watoto mashimoni. Kuanzia 2018 hadi 2020 hapa hapa Mutoshi palifanywa mradi wa majaribio wa uchimbaji mdogo, wa makampuni ya Chemaf na Trafigura, shirika la Pact na ushirika wa wachimbaji: eneo likazungushiwa uzio, lango likawekwa walinzi, watoto na wajawazito wakakatazwa kuingia. Lilikuwa jambo jema, nalisema bila kinyongo, na liliposimamishwa tulisikitika. Ila swali lenu lilibaki lile lile: je, kuna mtoto ndani? Hamkuuliza kwa nguvu hiyo hiyo mtoto aliyezuiwa langoni saa mbili asubuhi alikwenda kwa mwalimu gani, na mwalimu huyo alilipwa na nani. Januari 2022 ilitangazwa mikopo ya dola milioni 600 ya kupanua migodi ya Mutoshi na Etoile. Fedha za mashine zinapatikana. Mnapotuma wakaguzi wenu, waagizeni basi wapitie na shuleni, wamwombe mkurugenzi awaonyeshe ni walimu wangapi wana namba na wangapi hawana. Karatasi hiyo itawaeleza zaidi habari za watoto mashimoni kuliko uzio wowote.

Tena elimu ya bure inaishia darasa la sita. Mtoto akimaliza ana miaka kumi na miwili hivi, na sekondari inadai ada. Huo ndio umri ambao mabega yake yanaanza kuweza kubeba mfuko wa mawe. Wasichana huanza mapema zaidi, mtoni, kwenye kuosha.

Wazee wetu wanakumbuka shule za kampuni ya madini ya Gécamines, mwalimu akipata mshahara na posho ya unga kama mfanyakazi mwingine wa kampuni. Siombi zama zile zirudi. Shule zile zilikuwa kwanza za watoto wa wafanyakazi, na kampuni ilipoanguka zilianguka nayo. Nataka tu mlinganishe. Gécamines katika kilele chake, miaka ya 1980, haikufikisha tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2.8. Shaba imeongezeka zaidi ya mara tano, na mwalimu amepungukiwa hata posho.

Waheshimiwa wa Jimbo, najua mtasema mishahara ya walimu iko mikononi mwa Kinshasa. Ni kweli, orodha iko kule. Lakini ibara ya 204 ya Katiba hiyo hiyo inaweka shule ya chekechea, ya msingi na ya sekondari katika mamlaka ya majimbo, kwa kufuata kanuni za Serikali Kuu. Mamlaka mnayapokea kwa furaha yanapokuja na gari na bendera. Yapokeeni na yanapokuja na mwalimu asiyelipwa. Nanyi wa manispaa na machifu, tunawashukuru kwa madarasa yaliyojengwa. Jengo hukatwa utepe, picha hupigwa, jina huandikwa ukutani. Mshahara haukatwi utepe, na pengine ndiyo sababu haujengwi. Lakini kuta hazifundishi kusoma.

Kuhusu mfuko wa vizazi vijavyo nitasema neno moja: kizazi hicho kimeshazaliwa, kiko darasa la tatu, kimekaa watatu kwenye dawati moja.

Tunachoomba si muujiza. Kinshasa iwape namba walimu wa N.U. wanaofundisha kweli, na itangaze orodha shule kwa shule ili wazazi tuwatoe wenyewe walimu hewa. Tunawajua wote kwa sura. Jimbo na manispaa, kila miezi mitatu, zibandike kwenye mlango wa kila shule kiasi cha mrabaha kilichopokelewa na kiasi kilichomfikia mwalimu. Na mpaka namba zitoke, sehemu ya ile asilimia 15 imshike mkono asiye na namba.

Kamati za wazazi zitakutana kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Tunaomba barua yenu iwe imefika. Tutaisoma mbele ya wazazi wote na walimu wote, hata ikiwa jibu ni hapana. Ikiwa ni hapana, tafadhali iandikwe ndani yake pesa imekwenda wapi.

Wenu kwa heshima,
Mzazi wa Mutoshi