Umeme Wenyewe Haukuoza

Friji yangu iko uani, mlango wazi, imeegemezwa ukutani kama mtu aliyefukuzwa nyumba. Ndani nimeweka bakuli la mkaa na ndimu nane zilizopasuliwa. Leo ni siku ya nne, na paka wa mtaa mzima bado wanaizunguka wakilia. Jana mtoto wa jirani alipita kaziba pua, akamuuliza mama yake kwa sauti: "Ndiyo hapa kwa mwenye umeme wa sanduku?" Mama yake akamvuta mkono wakakaza mwendo.

Ndiyo hapa.

Mama mkwe aliingia kutoka Tanga Alhamisi jioni, na deli la samaki kwa ajili ya arobaini ya mtoto wetu. Nguru wawili wa kushikwa kwa mikono miwili, changu kumi na mmoja, kamba kilo tatu, wote wamezikwa kwenye barafu. Njia nzima ndani ya basi deli lilikuwa miguuni pake, na kondakta alipotaka kulihamishia kwenye buti aliambiwa amhamishe na yeye. Tukawapaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, wakaingia sehemu ya chini ya friji, kwa kuwa friza ilishajaa nyama ya pilau. Shughuli ilikuwa Jumamosi mchana. Ijumaa saa 5 asubuhi, puu! Transfoma ya mtaa ikaungua.

Mlio ule ukisikika, watu wazima husonya. Mimi nilifurahi, nakiri. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimenunua mtambo wa kuhifadhia umeme, sanduku la kilo 12 lenye mshikio, betri ndani na soketi nje, kwa shilingi milioni mbili na laki nne. Mtaani wanauita jenereta bubu. Na kwa wiki hizo mbili umeme haukukatika hata dakika moja, jambo ambalo sikuwahi kulichukia maishani mwangu mpaka hapo.

Mama akatoka jikoni na kisu mkononi. "Mwanangu, umeme wa Dar nausikia kwenye redio. Hawa nawakaanga wote leo leo. Samaki aliyekaangwa analala mpaka kesho hana neno." Mkaa ulishawashwa. Mafuta yalishamiminwa.

Nikamzuia. Mwanamume mwenye akili zake, nikamzuia mama aliyekaanga samaki tangu kabla sijazaliwa asikaange samaki wake mwenyewe. "Mama, pumzika," nikasema, kwa sauti ile ya daktari. Nikachomeka friji kwenye mtambo. Friji ikanguruma. Skrini ikaandika 100. Mama akaniangalia, akaiangalia skrini, akazima jiko.

Hapa inabidi nieleze hesabu zangu, maana zilikuwa nzuri na mpaka leo nazionea fahari. Watu huchanganya wati na wati-saa. Wati ni ukubwa wa tonge. Wati-saa ni sinia lenyewe. Pasi inamega tonge la wati 1,200, taa ya LED inadonoa wati 5 kama kifaranga. Sinia langu ni wati-saa 1,024: seli 16, kila moja volti 3.2 na ampea-saa 20, zidisha mwenyewe. Ila betri inatoa umeme mnyoofu, na friji yetu inataka umeme wa volti 230 unaogeuka mbele na nyuma mara 50 kila sekunde. Kazi hiyo inafanywa na inveta, na inveta kama dalali yeyote inakata chake, kama asilimia 15. Ukiondoa hiyo, zinabaki wati-saa 870.

Friji nayo haili mfululizo. Kompresa inanguruma ikila wati 90, baridi ikitosha inazimika, joto likirudi inaamka. Ukichukua wastani ni kama wati 45. Kwa hiyo 870 gawa kwa 45, saa 19. Tangu saa 5 asubuhi hadi saa 12 alfajiri, na nikiamka mapema namwomba mwenye jenereta ya kelele anichajie. Hesabu haina doa. Hata sasa haina.

Ili kuisaidia, nikakata karatasi, nikaandika kwa kalamu nene MARUFUKU KUFUNGUA, nikaibandika mlangoni mwa friji. Watoto wakanywa maji ya mtungini.

Halafu nikachukua daftari, kwa sababu nilikuwa nautathmini mtambo kitaalamu. Saa 8 mchana: asilimia 93. Saa 12 jioni: 93. Nikafikicha macho, nikaangalia tena: 93. Magharibi nikachomeka taa ya LED kwenye tundu la USB, na simu ya mama. Saa 3 usiku: 92.

Msomaji mwenye akili ameshastuka. Mimi sikustuka, mimi nilivutiwa. Niliona nimegundua kitu ambacho wenye viwanda wanatuficha: kumbe friji haili umeme! Nikatupa ile hesabu ya saa 19, nikafanya nyingine kwa kufuata daftari, nikapata siku nne na ushee. Nikaitangaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, pamoja na picha ya skrini. Mtaa ulikuwa gizani tii, kwangu taa inawaka, na wageni watatu waliowahi arobaini wamekaa kwenye mkeka wananisikiliza nikiwaeleza kemia ya betri ya lithiamu, chuma na fosfeti, iliyotoka kwenye maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 1990. Na kwamba mzee huyo alipewa Nobeli ya kemia mwaka 2019 kwa kazi yake ya betri za lithiamu, akiwa na miaka 97, umri ambao hakuna aliyewahi kuwa nao siku ya kuipata. Mgeni mmoja akauliza kama nobeli ina posho. Mama alikuwa amejilaza, macho ameyafumba, lakini hakuwa amelala.

Saa 12 na nusu asubuhi nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa. Karatasi yangu ikachanika. Kisha kimya. Kisha harufu, ambayo ilifika chumbani kabla ya sauti.

Nilimkuta mama amesimama mbele ya friji iliyo giza ndani, ameshika kamba mmoja kwa mkia, kwa vidole viwili, mbali na kanga yake.

"Mwanangu, huo mtambo unasemaje?"

Nikabonyeza skrini. "Asilimia 87, mama."

"Za nini?"

"Za umeme."

Akamrudisha kamba kwenye bakuli polepole, kama anayemstiri maiti. "Basi umeuhifadhi vizuri," akasema. "Umeme wenyewe haukuoza hata kidogo."

Maelezo niliyapata ukurasa wa 17 wa kitabu cha maelekezo, kitabu ambacho nilikuwa nimekiwekea kikombe cha chai juu yake. Inveta ikiwa macho inakula hata kama hakuna kilichochomekwa. Mtambo wangu unakula kama wati 12. Zidisha kwa saa 24, wati-saa 288, zaidi ya robo ya sinia imeliwa na mpishi. Kwa hiyo waliouunda wakaweka hali iitwayo ECO: zikipita dakika 30 hakuna anayemega tonge kwenye soketi kubwa, mtambo unadhani watu wameshiba, unafunika sinia na kunawa mikono. Na ukishafunga haufungui mpaka mtu abonyeze kitufe.

Sasa rudi kwa friji. Friji iliyopumzika haili kitu. Kwa kawaida inapumzika dakika 15 au 20, mtoto anafungua kutafuta maji, joto linaingia, kompresa inaamka. Ila friji yangu haikufunguliwa. Nilikuwa nimeibandikia karatasi. Ikapoa, ikatulia, ikapumzika zaidi ya dakika 30, na mtambo ukafunga soketi kabla ya saa 8 ile niliyoandika 93 kwa mwandiko mzuri. Matundu ya USB yana njia yake mbali, hayahusiki na ECO ya soketi, ndiyo maana taa iliwaka usiku kucha na simu ya mama ikajaa. Ile asilimia iliyokuwa ikipungua usiku ilikuwa chakula cha taa na simu. Taa ile ilinimulikia vizuri sana nikiandika upuuzi daftarini.

Ni ubunifu wa kupendeza kama unachaji kompyuta mpakato. Lakini kwenye katoni kuna picha ya friji! Friji nyeupe, yenye maboga na maziwa ndani, na familia inacheka. Mtu aliyechora katoni na mtu aliyeweka ECO hawajawahi kukaa meza moja, na kama waliwahi, basi hakuna kati yao aliyewahi kukatikiwa umeme.

Hapo kwenye kukatikiwa umeme ndipo kicheko kinanikwama. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na nilishangilia kama Mtanzania yeyote mtambo wa kwanza ulipowashwa mwaka 2024. Umeme upo. Unasafiri kutoka Rufiji kwenye nyaya nene, unafika Dar, unafika mpaka nguzo ya kona yetu, halafu unakuta transfoma moja iliyobebeshwa nyumba maradufu ya ilizowekewa, yenye mafuta yanayovuja tangu masika, ambayo tumeiripoti mpaka tumechoka kupewa namba za taarifa. Nimelipia umeme, nikalipia tena sanduku la kuuhifadhi usipokuja. Mimi angalau nilikuwa nazo. Mama wa genge mkabala na kwangu anauza barafu za ukwaju, friza lake ndilo linalosomesha watoto wawili. Ijumaa jioni nilimwona anazigawa bure kwa watoto, moja moja, huku anatabasamu kwa nguvu. Hakuna aliyekuja kumuuliza hasara yake ni kiasi gani. Na mimi, kwa majivuno, nilipita mbele yake nikiwa na daftari, wala sikumwambia nimwazime sanduku.

Umeme ulirudi Jumamosi saa 10 jioni, wageni wakiwa wanavaa viatu. Nyama ya friza ilikuwa bado imeganda, kwa hiyo pilau lililiwa. Samaki hawakutajwa na mtu yeyote, na hiyo ndiyo adabu inayoua.

Mengine ya mtambo huu ni madogo. Mama watoto alichomeka pasi na birika kwa pamoja, mtambo ukapiga kelele kama aliyeona mwizi. Na mwezi ujao tulipanga kwenda kupiga kambi msitu wa Magoroto. Nimeshajaribu kubeba hizo kilo 12 kutoka sebuleni mpaka kituo cha daladala, na nimeshaamua tutakwenda na tochi.

Kama na wewe umenunua sanduku la namna hii, zima ECO kabla hujalikabidhi hata yai moja, na uchungulie soketi, usichungulie asilimia.

Mama ameondoka leo alfajiri. Deli ameliacha jikoni, limeoshwa, mfuniko juu, hakusema kitu. Jana usiku nilikuwa nimelitilia barafu ya shilingi elfu mbili na kulifungulia ukurasa kwenye daftari. Saa 12 asubuhi barafu ilikuwa bado ipo.