Kesi ya Zipu

Katika msitu mmoja wa North Carolina, wanyama walikuwa na gulio lao la bunduki. Mzee Dubu ndiye mwenyekiti, Bata Mzinga analinda lango, na Rakuni, mwenye vidole vyepesi kuliko wote, anauza fulana zilizochapwa kanuni nne: kila bunduki ihesabu ina risasi; usiuelekeze mdomo wake kwa kitu usichotaka kukiharibu; kidole kikae mbali na triga mpaka umelenga; jua unachokilenga na kilicho nyuma yake. Fulana zilikuwa zikiisha mapema. Hata Oposamu alinunua mbili, yule mnyama wa huko ambaye akishtuka huanguka na kulala kama maiti.

Langoni palikuwa na ubao: BUNDUKI ZOTE ZIINGIE TUPU. Mwenye silaha humfungulia Bata Mzinga, naye akiona haina kitu huifunga kwa kamba ya plastiki isiweze kufyatuka. Utaratibu mzuri. Ila bunduki hukaguliwa mwisho wa foleni, na foleni yenyewe hutangulia.

Asubuhi moja ya baridi Rakuni alikuja na bunduki ya marisau, anataka kuiuza, imo ndani ya mfuko wa zipu.

"Ina kitu, bwana?" akauliza Bata Mzinga.

"Tupu kama debe."

Kobe, aliyekuwa akipita pole pole, akasema debe tupu alijualo yeye halikosi kelele. Hakuna aliyemsikia, maana papo hapo Rakuni alivuta zipu na bunduki ikalia. Marisau yakampata Sungura sikioni, Kindi mkiani na Bata Mzinga ukuchani. Oposamu akaanguka chali, akahesabiwa wa nne, akafunikwa shuka kwa heshima zote mpaka alipoamka kuulizia chakula.

Msomaji atasema nimetia chumvi. Nimepunguza. Tarehe 19 Januari 2013, siku ambayo wapenzi wa bunduki nchini Marekani walikuwa wameitenga kuzienzi silaha zao, watu 5 walijeruhiwa katika maonyesho 3 ya bunduki. Watatu walikuwa Raleigh, North Carolina, ambako bunduki ya marisau ililia wakati mwenye bunduki akifungua zipu ya mfuko langoni ili ikaguliwe. Kule Indianapolis mtu alikuwa ndiyo anatoka maonyeshoni. Akaijaza bastola yake, akajipiga mkononi. Na Medina, Ohio, mfanyabiashara alikuwa akiichunguza bastola ambayo magazini yake ilikwisha kutolewa. Risasi moja ilikuwa imebaki chemba. Akavuta triga, risasi ikadunda sakafuni na kumpata rafiki yake. Hili la chemba ndilo linalowaponza wengi: kumwondolea mlaji sahani hakulitoi tonge lililokwisha kuingia kinywani.

Turudi msituni. Baraza likakaa, Mzee Dubu akauliza ilikuwaje.

"Imelia yenyewe," akasema Rakuni.

Wote wakaguna kwa huruma. Kobe akaomba kunena. Yenyewe ilijitia risasi? Yenyewe iliigeuzia foleni mdomo, na ardhi ipo? Na hiyo fulana uliyovaa, ndugu yangu, ulipoichapa uliisoma?

"Bwana Kobe," akasema Mzee Dubu, "hapa tuna majeruhi. Usilete siasa msibani. Ajali haina kinga."

Ikapigiwa makofi, kama inavyopigiwa kila mahali. Sijapata kuona kauli iliyowaokoa wazembe wengi kama hiyo; ikishatamkwa, mwenye kuuliza ndiye anayegeuka mkorofi.

Hata hivyo baraza haliwezi kwenda nyumbani bila mkosaji. Ikaletwa zipu. Meno yake yakahesabiwa, yakaonekana mengi mno kwa chombo chenye nia njema. Ikaulizwa ilikuwa wapi wakati wa tukio. Ikanyamaza, na kunyamaza kukaandikwa kuwa ni kukiri. Kindi, mkia umefungwa kitambaa, akatoa ushahidi kwamba aliisikia kwa masikio yake ikisema "zzz" kabla ya mlio, jambo ambalo hata Kobe hakuweza kulikanusha. Ikang'olewa hadharani. Rakuni akalipwa fidia ya mfuko.

Gulio lililofuata, mifuko yote ilikuwa ya vifungo. Rakuni alileta fulana mpya zenye kanuni ya tano, ya kujihadhari na zipu, na begani amening'iniza ile ile bunduki ya marisau, kwa kuwa bado haijapata mnunuzi. Bata Mzinga, ukucha ungali na bandeji, akamuuliza kama ina kitu.

"Tupu kama debe."

Kobe akarudisha kichwa gambani. Oposamu alikuwa amekwisha kulala chali kabla kifungo cha kwanza hakijafunguliwa.