Njia za Mkato za Kupima Sumaku ya Jua Ukiwa Ardhini

Hatua ya kwanza: acha dira nyumbani. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, lakini mwanga wake umekufuata wenyewe. Upitishe kwenye spektrografu, chombo kinachoutawanya kuwa rangi, utafute mstari mweusi unaoachwa na atomi za chuma. Penye sumaku kali mstari huo hupasuka. Pieter Zeeman aligundua mpasuko wa namna hii maabarani, Uholanzi, mwaka 1896. Mwaka 1908 George Ellery Hale akauona kwenye madoa ya jua kule Mount Wilson, California: sumaku ya gausi 3,000 hivi. Uga wa dunia yetu, unaogeuza sindano ya dira, haufiki hata gausi moja.

Hatua ya pili: chagua mstari utakaokubeba. Ule wa nanomita 525.02 hupasuka zaidi kuliko mingi. Ule wa infraredi, nanomita 1,564.8, unaushinda, maana mpasuko hukua kwa mraba wa urefu wa wimbi.

Hatua ya tatu ndiyo utamu wenyewe. Nje ya madoa sumaku ni hafifu, na mpasuko huuoni. Usikodoe macho bure. Pande mbili za mstari hubeba mwanga unaozunguka kinyume, mmoja kulia, mwingine kushoto. Weka fuwele inayoendeshwa kwa umeme, ipitishe wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia, haraka kuliko hewa inavyotikisika. Kisha toa mmoja kwenye mwingine, kama muuza dagaa anavyotoa uzito wa ndoo. Uchafu wa kioo na wingu jembamba vimo pande zote mbili, hivyo vinafutana, inabaki sumaku. Horace Babcock alipima hivyo miaka ya 1950. Kwangu mimi, hakuna ujanja mzuri kuuzidi huu.

Jua likizama, nenda kalale; wenzako kwingine duniani wataendelea kupima. Mtandao wa kuchunguza jua uitwao GONG una vituo sita: California, Hawaii, Australia, India, Visiwa vya Canary na Chile. Unataka jina lako chini ya ramani ya sumaku isiyokatika? Utalipata, katikati ya majina ya wenzako. Likubali hapo hapo.

Ncha za jua ndizo ngumu, kwa kuwa tunaziona kwa mshazari. Bahati nzuri mhimili wake umeinama digrii 7 na ushei: ncha ya kaskazini hutuelekea Septemba, ya kusini Machi. Pima miezi hiyo. Iliyobaki jazia makadirio, na uandike waziwazi kwamba ni makadirio. Namba hizo za ncha ndizo watabiri wanazozitegemea kukisia ukubwa wa mzunguko ujao wa madoa. Basi Septemba usiombe likizo.